Hakiki Onyesho, Kiongozi Mwache: Mwongozo Kamili kwa Wanafunzi Wanaokwenda Kutazama Mchezo wa Kiongozi wa Siasa

Chukua rundo la tahakiki za wanafunzi waliotazama mchezo kuhusu Mwalimu Nyerere. Sehemu kubwa utakuta ni insha za uraia: alizaliwa Butiama, alidai uhuru bila kumwaga damu, aliwapenda wanyonge, tumuenzi. Mwigizaji yuko wapi? Taa ziko wapi? Kile kiti kilichoachwa kitupu katikati ya jukwaa kimepotelea wapi? Mwanafunzi amekaa ukumbini saa moja na nusu, akatoka na yale yale aliyoingia nayo.

Kosa hili huwapata hata wanafunzi hodari, na sababu yake inaeleweka. Kiongozi ana jina kubwa, na jina kubwa hufunika kazi ya jukwaani. Mwongozo huu unahusu jinsi ya kuliondoa jina hilo mbele ya macho, uone kilichofanywa na watu waliompa kiongozi huyo mwili na sauti.

Bagamoyo ni mahali pazuri pa kujifunzia kazi hii. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, kikawa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, mwaka 2007, na tamasha lake la kila mwaka huleta vikundi kutoka kila upande. Historia nayo iko mlangoni. Bushiri bin Salim al-Harthi, ambaye wengi humwita Abushiri, kiongozi wa watu wa pwani waliopigana na Wajerumani, alikuwa na ngome yake karibu na mji huu, na kamanda wa Kijerumani, Wissmann, aliishambulia tarehe 8 Mei 1889. Mwisho wake ulikuwa kitanzi, Pangani, tarehe 15 Desemba mwaka huo huo. Mchezo wa Abushiri ukichezwa Bagamoyo au Pangani, nusu ya hadhira inajua barabara alizopita.

Hatua ya kwanza: kadi ya tarehe, siku mbili kabla

Usiende mtupu, wala usisome kitabu kizima. Tengeneza kadi moja ya ukubwa wa kiganja yenye tarehe nane hadi kumi za maisha ya kiongozi. Kwa Nyerere kadi ingekuwa hivi: TANU 7 Julai 1954, uhuru 9 Desemba 1961, akiwa Waziri Mkuu, ajiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, Rais 9 Desemba 1962, Muungano 26 Aprili 1964, Azimio la Arusha 5 Februari 1967, kuzaliwa kwa CCM 5 Februari 1977, ang'atuka Novemba 1985, afariki 14 Oktoba 1999.

Kadi hii ina kazi mbili. Ya kwanza ni kunasa makosa. Tukio la usiku wa uhuru likimwita Nyerere "Mheshimiwa Rais", limeruka mwaka mzima. Tukio la Azimio likiwa na mashati ya CCM, aliyeandaa maleba, yaani mavazi ya jukwaani, ametanguliza chama miaka kumi. Yaandike makosa kama hayo, lakini usiyafanye uhakiki wako: mstari mmoja unatosha.

Kazi ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kutambua mahali mwandishi alipoiacha historia kwa makusudi. Mfano bora tunao katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyoigizwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1969. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Kinjeketile wa jukwaani anaishi mpaka wapiganaji wameshindwa, na anatakiwa akane maji yake, yale ya kuwakinga wapiganaji na risasi, ili kuokoa roho. Anakataa. Mwanafunzi asiye na kadi hataona kitu. Mwenye kadi ya kijuujuu ataandika "mwandishi amekosea historia". Mwenye kuhakiki atauliza: kumwacha hai mtu huyu kumempa mwandishi tukio gani ambalo historia isingempa? Jibu ni hilo la kukana au kutokana, ambalo ndilo moyo wa mchezo.

Basi ukiona tofauti baina ya kadi na jukwaa, jiulize kama tofauti hiyo inafanya kazi. Kama tukio lingeweza kuchezwa vile vile bila kubadili historia, ni uzembe. Kama tukio lisingekuwepo bila badiliko hilo, ni usanii, na hapo ndipo penye aya yako nzuri.

Kwa mchezo wa Abushiri pwani tuna bahati ya pekee: Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alivitungia vita hivyo utenzi wakati ule ule. Beti ishirini za kwake zitakufundisha jinsi watu wa Mrima, yaani pwani hii, walivyowaita hao wageni, Wadachi, kuliko kurasa ishirini za muhtasari wa historia. Mchezo ukisema "Wajerumani" na haukusema "Wadachi" hata mara moja, umechagua lugha ya darasani badala ya lugha ya wakati wake. Huenda una sababu. Itafute.

Hatua ya pili: vifaa na mahali pa kukaa

Chukua daftari dogo, penseli mbili zilizochongwa na ile kadi. Kalamu ya wino huweza kugoma ukiandikia magotini, penseli haigomi. Simu izime. Adabu ni sababu mojawapo, lakini kuna nyingine: ukitazama kioo chake gizani, macho yako huchukua dakika kadhaa kuzoea tena mwanga hafifu wa jukwaani, na dakika hizo huzipati tena.

Fika nusu saa kabla. Keti kati ya safu ya tatu na ya sita, katikati. Safu ya kwanza inapendwa na wengi, ila ni mbaya kwa mhakiki: unaona jasho la mwigizaji lakini huoni umbali kati yake na wenzake, na katika mchezo wa kiongozi umbali ndio unaosema nani ana mamlaka. Kama onyesho ni la wazi, karibu na ufukwe, epuka kukaa mbele ya spika, na angalia upepo wa jioni unatokea upande gani. Upepo ukivuma kutoka kwako kwenda jukwaani, utakosa maneno ya waigizaji wasiotumia maikrofoni, kisha utawasingizia kwamba hawakusikika.

Jukwaa likiwa bado tupu, lichore. Mraba, milango, viti, bendera, ngazi. Dakika tano. Mchoro huu utakuokoa nyumbani, maana kumbukumbu ya mahali nayo hufutika. Kama kuna kipeperushi cha onyesho, nakili majina kwa herufi sahihi: mwandishi, mwongozaji, mbunifu wa maleba, fundi wa taa, waigizaji.

Hatua ya tatu: kuandika gizani

Gawa ukurasa safu tatu. Ya kwanza dakika, kwa makadirio. Ya pili na pana zaidi ni ulichoona au kusikia. Ya tatu nyembamba, kwa alama: nyota kwa kilichokushtua, alama ya kuuliza kwa usichoelewa, mkwaju (/) kwa kilichokuchosha. Usiandike maoni wakati wa onyesho. Neno "nzuri" likiandikwa gizani saa mbili usiku, asubuhi halina maana hata kwa aliyeliandika. Andika mwili: "ameweka fimbo chini kabla ya kusema hapana". Kwa onyesho la dakika tisini, mistari 25 hadi 40 inatosha. Ukizidi hapo unatazama daftari, si jukwaa.

Mkiwa kundi la darasa, gawaneni macho. Watano wanatosha: mmoja amtazame kiongozi tu, hata akiwa kimya pembeni, wa pili awatazame wanaomzunguka, kiongozi mwenyewe asimtazame kabisa, wa tatu taa na maleba, wa nne sauti, ngoma, nyimbo na ukimya, wa tano hadhira. Kila kundi humgombania kiongozi na kumwachia mnyonge wa darasa kazi ya pili. Hilo ni kosa kubwa la mgawanyo, kwa sababu mamlaka jukwaani hayatengenezwi na anayetawala. Yanatengenezwa na wanaotawaliwa: nani anasimama akiingia, nani anasita kukaa, nani anapunguza sauti. Mwigizaji wa kiongozi anaweza kuvimba kifua mpaka vifungo vikatike. Kama askari wake anajikuna mgongo wakati anahutubiwa, hakuna kiongozi pale. Shakespeare alilijua hili. Kaizari wake, katika mchezo wa Julius Caesar, anauawa katika tendo la tatu kati ya matano, na bado mchezo mzima unamwogopa mpaka mwisho. (Kwamba tafsiri ya Kiswahili ya mchezo huo, wa kuuawa kwa mtawala, ilitolewa mwaka 1963 na Nyerere aliyekuwa Rais, ni jambo la kutafakari kwa raha yake.)

Anayetazama hadhira naye asidharauliwe. Hadhira ya pwani haikai kimya: inajibu, inaonya, inamzomea msaliti, inamaliza methali iliyoachwa nusu. Aandike makofi yalipigwa wakati gani na kwa nini. Onyesho la usiku likikutwa na adhana ya isha, aandike pia waigizaji walifanyaje. Waliosimama wakabaki ndani ya uhusika, wakaendelea baada ya adhana kama kwamba ukimya ule ulikuwa wao, wamekuonyesha nidhamu ya hali ya juu. Waliosimama wakacheka na kujirekebisha nguo wamekuonyesha nidhamu yao pia.

Kuiga na kuigiza

Hapa tukae kidogo, maana ndipo tahakiki nyingi zinapozama. Mwigizaji anaingia na kifimbo, nywele zimetiwa mvi, anacheka kile kicheko, anavuta neno kama tulivyozoea kulisikia redioni. Ukumbi unalipuka kwa makofi. Mwanafunzi anaandika: "Ameigiza vizuri sana, utadhani Mwalimu mwenyewe."

Hayo makofi ni ya kumtambua mtu, nayo hayajasema lolote kuhusu mchezo. Kuiga ni kufanana na mtu kwa nje: sauti, mwendo, kofia. Kuigiza ni kumpa mtu huyo jambo analolitaka sasa hivi, katika tukio hili, na kizuizi kinachomzuia. Mwigaji hodari huvuma dakika tano za mwanzo. Baada ya hapo hadhira imeshamtambua, na kama hana kingine, anaanza kurudia: kicheko kile kile, fimbo ile ile, mara ya saba sasa.

Namna ya kupima ni rahisi. Mtazame kiongozi wakati hasemi. Mwigaji akimaliza mstari wake huzimika. Utamwona anasubiri zamu. Mwigizaji husikiliza, na kusikiliza kunaonekana shingoni na mikononi. Kipimo cha pili: tukio ambalo hatujawahi kuliona kwenye picha wala kulisikia redioni, kwa mfano kiongozi akizungumza na mkewe usiku kabla ya kujiuzulu. Hapo hakuna cha kuiga. Mwigizaji akisimama imara hapo, ni mwigizaji.

Upande wa pili, usimwadhibu asiyefanana. Mwongozaji anaweza kumpa msichana wa miaka ishirini nafasi ya mzee wa miaka sitini kwa makusudi. Swali lako ni moja: baada ya dakika kumi, ulimsahau msichana?

Ngoma, taa na maleba, kwa ufupi

Katika michezo ya Bagamoyo ngoma haikosekani, na hapo pana mtego. Uliza kama ngoma inasukuma tukio au inajaza pengo la kubadilisha nguo. Ikiondolewa, je, kuna kitu hatutakielewa? Uliza pia ni ya nani. Mdundiko wa Wazaramo ukipigwa katika tukio la Ngarambe, labda kikundi kina wapigaji wa mdundiko tu, labda mwongozaji anataka kusema kilio ni kimoja. Tazama kama mchezo unakupa ushahidi wa hilo la pili kabla ya kulisifu.

Kwa taa, andika zilipobadilika na nani alibaki gizani. Umeme ukikatika usimkate alama fundi.

Hatua ya nne: saa moja baada ya onyesho

Kabla ya kulala, kabla ya kubishana na wenzako kwenye basi, andika mistari kumi bila kufungua daftari. Kinachokuja chenyewe ndicho onyesho lilichokuachia. Kisha fungua daftari na linganisha. Mara nyingi tukio uliloliwekea nyota gizani halimo katika mistari kumi, na jambo dogo, mlango uliofungwa taratibu, limo. Fuata hilo dogo.

Waigizaji wakikubali kuzungumza, waulize maswali matatu yasiyozidi. Usiulize "ujumbe wa mchezo ni nini", utapewa hotuba. Uliza: tukio gani lilibadilika zaidi wakati wa mazoezi? Nani alichagua kile kiti? Ni mstari upi ulio mgumu kuusema?

Hatua ya tano: hoja moja

Uhakiki unasimama juu ya hoja moja inayoweza kupingwa. Iandike katika sentensi yenye sehemu mbili: mchezo unamwonyesha kiongozi huyu kuwa mtu wa namna gani, na unafanya hivyo kwa njia gani ya jukwaani. "Mchezo unaonyesha ujasiri wa Abushiri" si hoja, hakuna atakayebisha. "Mchezo unamfanya Abushiri kuwa mtu aliyechelewa kuamua, na unafanya hivyo kwa kumweka ameketi wakati wote wengine wamesimama" ni hoja. Tafuta daftarini ushahidi mara tatu kutoka matukio tofauti. Ukipata mara moja tu, hoja ni nyembamba. Ukipata mara tatu pamoja na moja inayopinga, umefika. Iweke na hiyo inayopinga, usiifiche.

Hapa ndipo mfumo wa fani na maudhui tuliofundishwa sekondari unapoleta shida. Dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo, muundo, mtindo, wahusika, mandhari: ni orodha nzuri ya kusomea kitabu, na kwa mtihani wa tamthiliya itakufaa. Ukumbini haitoshi. Haina safu ya ukimya, haina safu ya umbali, haina safu ya mwigizaji aliyesahau mstari akaokolewa na mwenzake. Ukiitumia kama kiunzi, utajaza vichwa vinane kwa sentensi mbilimbili na hutasema kitu. Itumie baadaye, kukagua kama umeacha jambo kubwa.

Hatua ya sita: kuandika

Kwa gazeti la ukutani au kazi ya darasa, maneno 700 hadi 900 yanatosha. Aya ya kwanza, maneno kama 100: tukio moja ulilolichagua, kwa karibu, kisha hoja. Ya pili, maneno 80: mchezo gani, nani kauandika, nani kauongoza, umechezwa wapi na lini. Kisa chote kipewe maneno yasiyozidi 120, na mwisho wa mchezo usiufichue isipokuwa hoja yako inaudai. Zaidi ya nusu iwe ya ushahidi. Wanafunzi husimulia kisa kizima kwa sababu kusimulia hakuna hatari: hakuna anayeweza kukuambia umekosea.

Tuone mfano wa karibu. Tuseme onyesho la Abushiri lina tukio hili: Pangani, Agosti 1888, mjumbe anakuja mbio na habari kwamba Nyundo, yaani Emil von Zelewski, ofisa wa kampuni ya Kijerumani, anataka kupandisha bendera ya kampuni hiyo. Mwanafunzi wa kwanza anaandika:

"Mwigizaji wa Abushiri ameigiza vizuri na ameonyesha ujasiri wa kiongozi aliyepinga ukoloni. Maleba yalikuwa mazuri na yaliendana na mazingira."

Sentensi hizi zinaweza kuandikwa na mtu aliyebaki nyumbani. Wa pili anaandika:

"Mjumbe anamaliza habari ya bendera. Abushiri, ameketi mkekani, anainua dele na kumimina kahawa, na mkono hautikisiki. Wazee wanainuka mmoja mmoja, mpaka aliyeketi ni yeye peke yake na sisi tunaomtazama. Ni utulivu au ni kusita? Mwigizaji hatupi jibu: anakipeleka kikombe mdomoni, anakirudisha bila kunywa. Onyesho lilihitaji shaka hiyo, lakini tukio linalofuata linaiua kwa hotuba ya dakika nne ambamo Abushiri anatangaza yote ambayo kikombe kilikuwa kimeshayasema."

Ona kilichotokea. Hakuna neno "vizuri". Kuna kitendo, kuna swali, kuna hukumu, na hukumu imefika baada ya ushahidi. Lawama nayo imeelekezwa kwenye tukio, haikumwangukia mwigizaji aliyelisema tu. Hotuba ndefu ni ugonjwa wa michezo ya viongozi: waandishi huogopa kumwacha shujaa bila hotuba. Lakini pima kwa haki. Hotuba ikibadilisha msimamo wa mtu mmoja aliyeko jukwaani, ni tendo. Ikisemwa kwa hadhira tu, wengine wakiitikia kwa vichwa, ni mkutano wa hadhara.

Hatua ya saba: siasa yako na ya mchezo

Unaweza kumpenda kiongozi na mchezo ukawa mbovu. Unaweza kumchukia na mchezo ukawa bora. Andika pembeni, mahali ambapo mwalimu hataona, unamwonaje mtu huyo. Ukimaliza rasimu, linganisha. Hukumu yako juu ya mchezo ikifanana kabisa na maoni hayo, rudi kwenye daftari utafute jambo moja la kupinga.

Maneno ya mhusika si ya mwandishi. Msaliti akimtukana kiongozi jukwaani, andika "mhusika fulani anamwita..." na unukuu kama ulivyoandika gizani, kama huna uhakika wa maneno, eleza kwa maneno yako bila alama za kunukuu. Mchezo ukimhusu kiongozi aliye hai au chama kilichopo, shikilia kilichoonekana jukwaani. Ukianza kuongeza unayoyajua ya mtaani, umeacha kuhakiki na umeanza kampeni, ya kumsifu au ya kumponda.

Rasimu ilale usiku mmoja. Kesho yake ufute kila "sana", kila "kwa ujumla" na kila "tunajifunza kwamba", uone kama aya bado zinasimama. Soma kwa sauti mbele ya mtu ambaye hakuliona onyesho, kisha umpe penseli akuchoree jukwaa. Akiweka kiti mahali pake, peleka kazi, na nakala moja wapelekee kikundi kilichocheza, majina yao yakiwa yameandikwa kama wanavyoyaandika wenyewe.